Rubani wa ndege ya kivita hufanya nini asizimie angani?

Tuanze na barabara yetu. Ukipanda basi kutoka Mombo kuja Lushoto, kila kona unasukumwa ubavuni mwa jirani yako. Ndege ya kivita inapokata kona kwa kasi, nguvu kama hiyo huwa kubwa mara nyingi zaidi, nayo humgandamiza rubani kitini.

Nguvu hiyo hupimwa kwa G. Sisi tuliosimama ardhini tuna G 1, yaani uzito wetu wa kawaida. Kwenye G 9, ambayo baadhi ya ndege za kisasa hufikia, mtu wa kilo 70 hulemewa kama ana kilo 630.

Damu nayo huwa nzito. Moyo hushindwa kuipandisha kichwani, ikajikusanya miguuni na tumboni. Macho hutangulia kuathirika: rangi hufifia, kisha rubani huona kama anachungulia kwenye bomba, halafu giza. Akiendelea hivyo, anazimia. Asiye na mazoezi anaweza kuzimia kwenye G 4 au 5. Hata akizinduka, hupita sekunde kadhaa kabla hajaelewa aliko, na ndege haimsubiri.

Rubani hujikinga kwa njia tatu:

Vazi. Ni suruali yenye mifuko inayojaa hewa yenyewe G inapopanda, ikabana miguu na tumbo ili damu isishuke. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wilbur Franks wa Kanada alitengeneza vazi la namna hiyo lililotumia maji.

Misuli na pumzi. Hukaza miguu, makalio na tumbo, huzuia pumzi, kisha hubadilisha hewa haraka kila baada ya sekunde tatu hivi.

Mazoezi. Hufundishwa ardhini kwenye mashine kubwa inayomzungusha. Pia hutakiwa kulala vizuri na kunywa maji ya kutosha.

Hapa kwetu, marubani wa JWTZ walirusha MiG-21, ndege yenye kasi kuliko sauti, katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979.

Nasi wa shambani tunalijua jambo hili kwa udogo wake. Ukiinuka ghafla baada ya kuinama muda mrefu ukipalilia, ukaona giza, ni damu imechelewa kufika kichwani. Kaa chini au lala, inua miguu, kunywa maji. Ikijirudia mara kwa mara, nenda kituo cha afya ukapimwe.