MATE YA SHANGAZI NA MASHINE YA WAJAWAZITO

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Nataka kuwapa historia ya mate. Ndiyo, mate haya haya unayoyameza bila kuyafikiria.

Mwaka 2007 nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi pale Mbeya. Shangazi yangu alikuwa akiishi Mafinga, Mkoa wa Iringa, na mara kwa mara alipanda basi kuja kutusalimia. Tulishamzoea: ukimpa andazi kavu, halishuki bila maji. Chupa ya maji haikumtoka mkononi. Kisha mashavu yakavimba pande zote mbili, karibu na masikio. Watu wakasema ni matubwitubwi. Lakini matubwitubwi huisha baada ya wiki moja au mbili, na uvimbe wa shangazi ulikaa miezi. Meno yakaanza kuoza, viungo vya vidole vikawa vinamuuma kila asubuhi.

Basi, mtaa ukatoa hukumu yake. "Ana ngoma." Akienda msibani anatengewa kikombe chake peke yake.

Tusiwacheke waliosema vile. Angalia wakati wenyewe. Utafiti wa kitaifa wa 2003/04 ulikuta kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 7, lakini Mbeya na Iringa ilikuwa zaidi ya asilimia 13. Ule wa 2007/08 ukaikuta Iringa (wakati huo Njombe ikiwa bado ndani yake) kwenye asilimia 15.7. Kila familia ilikuwa imezika. Dawa za kufubaza za bure zilianza kutolewa nchini mwaka 2004 tu. Watu walikuwa wamejifunza kusoma ugonjwa kwenye sura ya mtu, na uvimbe wa mashavu ulikuwa mojawapo ya herufi walizozijua.

Tena hawakuwa wamekosea kabisa. Mwaka 1989 madaktari wa New York waliandika kuhusu wagonjwa wenye VVU waliokuwa na midomo mikavu na tezi za mate zilizovimba. Chembe za kinga zilikuwa zimejazana ndani ya tezi. Shirika la Afya Duniani nalo linauhesabu uvimbe wa muda mrefu wa tezi za mashavu, usio na sababu nyingine, kama dalili ya hatua ya pili ya VVU kwa watoto. Kwa hiyo dalili ni ya kweli. Kosa la mtaa lilikuwa kudhani kwamba dalili moja ina ugonjwa mmoja.

Kosa hilo hata wasomi waliwahi kulifanya. Mwaka 1888, huko Königsberg, daktari wa upasuaji Johann von Mikulicz alieleza habari za mkulima aliyevimba tezi za machozi na za mate. Baada ya hapo kila uvimbe wa aina ile ukaitwa "ugonjwa wa Mikulicz", uwe wa kifua kikuu, wa saratani au wa kitu kingine. Jina likageuka kapu la kutupia kila kitu.

Aliyeanza kuchambua kapu hilo vizuri ni Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Sweden. Tasnifu yake ya mwaka 1933 ilihusu wanawake 19 wenye macho makavu, na 13 kati yao walikuwa na ugonjwa wa viungo. Yeye aliona kwamba ukavu wa macho, ukavu wa mdomo na maumivu ya viungo ni ndugu wa mama mmoja. Unadhani alipigiwa makofi? Tasnifu haikupata alama za kumfungulia njia ya kufundisha chuo kikuu, akaenda kufanya kazi yake ya macho mjini Jönköping. Kazi yake ilisambaa zaidi baada ya kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1943, na mtafsiri alikuwa daktari wa Australia.

Leo tunajua kwamba katika ugonjwa wa Sjögren kinga ya mwili inawageukia wenyeji wake, yaani tezi za mate na za machozi. Kati ya wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake.

Sasa mashine inaingia hapa. Mwaka 1955 Ian Donald, daktari wa akina mama wa Glasgow, alibeba kwenye gari uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa akaupeleka kiwanda cha maboila, ambako mafundi walitumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma. Akachukua na kipande cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia. Mwaka 1958 yeye na wenzake wakachapisha picha zao za tumboni, na altrasaundi ikaanza safari ya kuwa mashine ya wajawazito tunayoijua sote. Katika jiji hilo hilo, mwaka 1968, Chisholm na Mason walitoa njia ya kupima ugonjwa wa Sjögren kwa kukata kinyama kidogo ndani ya mdomo wa chini na kukisoma kwa hadubini. Mambo hayo mawili yalikutana baadaye sana: mwaka 1992 Waitaliano walichapisha utaratibu wa kuzipima tezi za mate kwa altrasaundi.

Kinachotafutwa ni rahisi kueleza. Tezi nzima huonekana ya kijivu, laini, sawasawa. Tezi iliyoshambuliwa huwa na madoa meusi, na ikizidi inafanana na sega la nyuki. Mwaka 2019 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kuipa alama kuanzia 0 hadi 3.

Shangazi alifikishwa kwenye mashine hiyo mwaka huo huo, Mbeya. Daktari alipompaka ute wa baridi chini ya taya, akacheka: "Daktari, mimba ya shavu hii nitajifungulia wapi?" Picha ikatoka sega tupu.

Lakini daktari hakuishia kwenye picha, na hapo ndipo nilipojifunza. Altrasaundi inaonyesha umbo la tezi, haipimi kazi yake. Na umbo hilo linaweza kufanana na la mwenye VVU. Kwa hiyo akapimwa VVU tena: hana. Kisha akapewa kikombe, akaambiwa ateme mate taratibu kwa dakika 15. Hayakufika hata mililita moja. Mwisho damu ikapelekwa Dar, ikakutwa na kingamwili ziitwazo anti-Ro. Kwa vigezo vya kimataifa vya mwaka 2016, damu ile ina alama 3 na kikombe kile kina alama 1. Zikifika 4, jina limepatikana. Altrasaundi yenyewe haina alama hata moja katika vigezo hivyo, ingawa wapo waliopendekeza iongezwe.

Dawa ya kuuponya ugonjwa huu hakuna. Anatunza meno, anakunywa maji kidogo kidogo, anameza dawa za viungo, na tezi zake zinaangaliwa, maana wagonjwa hawa wamo kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani ya tezi.

Majuzi nilimuuliza: shangazi, kwa nini hukuwaambia watu kwamba huna VVU? Akaniangalia.

"Nilipima mara tatu, baba. Mara tatu hamna kitu. Sasa karatasi ningemwonyesha nani, wakati kikombe kimeshatengwa? Na hata ningekuwa nacho hicho kirusi, kikombe kiliwakosea nini?"

Sikuwa na jibu. Mwenye nalo aniandikie.

Alamsiki.