Stesheni ya Kikuyu

Mtu atokaye Nairobi kwenda magharibi kwa barabara iitwayo Waiyaki Way hupita Kangemi na Uthiru, kisha hufika Kinoo. Akiendelea mbele kidogo na kushika njia ya mkono wa kushoto, huufikia mji wa Kikuyu, na hapo ataiona reli ya zamani ipandayo kutoka Mombasa. Stesheni yenyewe ni ndogo, na wengi wapitao karibu nayo hawageuzi hata shingo kuitazama. Lakini mwenye kutaka kujua jinsi nchi ya Kenya ilivyopata kuwa kama ilivyo hana budi kusimama hapo kidogo.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Reli ilikuwa mgeni katika nchi hii. Basi na tuulize: je, mwenyeji alipona?

Kabla ya reli, misafara ya wafanya biashara iliyotoka pwani ilisimama Dagoretti ili kununua chakula kwa Wakikuyu, kwa maana nchi yao ilikuwa na rutuba na mazao tele. Katika mwaka wa 1890 Kapteni Lugard alifika hapo, akapatana na mzee mwenye sifa kubwa, Waiyaki wa Hinga. Mapatano hayo hayakudumu. Waingereza wakajenga boma jipya, Fort Smith, mwaka wa 1891, na ugomvi ukazidi juu ya vyakula na mali za wenyeji. Mwaka uliofuata Waiyaki alikamatwa, akapelekwa kwa miguu kuelekea pwani. Hakufika. Alifia Kibwezi, akazikwa huko, mbali na kwao.

Haikupita miaka mingi, reli ikaja kwa upande huo huo wa Kibwezi. Kazi ilianzia Mombasa mwaka wa 1896, na wengi wa vibarua waliletwa kutoka Bara Hindi, zaidi ya watu 30,000; wapatao 2,500 walikufa kabla ya kazi kwisha. Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei, 1899, ikapanda vilima vya Kikuyu, ikateremka Bonde la Ufa, na mwezi wa Desemba, 1901, ikafika ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mahali paitwapo leo Kisumu. Jina lake lilikuwa Reli ya Uganda, na jina hilo latosha kutuonyesha nia ya waliolipa gharama zake. Walitaka kuufikia mto Nile na nchi ya Uganda. Kikuyu palikuwa mahali pa kupita tu.

Tena mgeni huyu alifika wakati mwenyeji ni mgonjwa. Kwanza ng'ombe walikuwa wamekufa kwa sotoka. Kisha, katika miaka ya 1898 na 1899, mvua zilikosa, njaa kubwa ikaingia, na ndui ikafuata nyuma yake. Wakikuyu waliiita njaa hiyo Ng'aragu ya Ruraya, maana yake "njaa ya Ulaya". Watu wengi walikufa. Wengine walihama, wakaenda kwa jamaa zao upande wa kaskazini ili wapate chakula. Walowezi walipoanza kupanda gari la moshi na kutafuta mashamba, waliona nchi yenye magugu wakadhani haina mwenyewe. Serikali ikawagawia. Mwenyewe aliporudi, alikuta shamba lake lina bwana mwingine. Ugomvi juu ya ardhi uliotikisa Kenya nusu karne baadaye ulikuwa na mzizi wake mmoja hapo.

Hata hivyo, gari la moshi halikuleta hasara peke yake. Mwaka wa 1898 wamisionari wa Kiskoti walikuwa wameihamisha misheni yao kutoka Kibwezi, pale pale alipozikwa Waiyaki, wakaileta Kikuyu. Wenyeji walishindwa kulitamka jina la nchi ya wageni hao, wakapaita mahali hapo Thogoto. Hapo ndipo kijana mmoja alipoingia shule mwaka wa 1909. Huyo baadaye alijulikana kwa jina la Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya. Mwaka wa 1926 ikafunguliwa karibu na hapo Shule ya Alliance, na stesheni hii ndogo ikawa mlango wa kuingilia elimu.

Lakini hata mlango huo ulikuwa na mlinzi. Mwezi wa Januari, 1955, wakati wa Hali ya Hatari, Mkikuyu hakuruhusiwa kusafiri bila kibali. Kijana wa Limuru aliyekuwa amepata nafasi Alliance alifika stesheni ya kwao na sanduku lake, akazuiliwa kupanda gari la abiria, kwa kuwa kibali hakuwa nacho. Mfanyakazi mmoja wa reli alimwonea huruma, akampakia katika gari la mizigo, na ndivyo alivyofika Kikuyu. Kijana huyo alikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye aliandika habari hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka wa 2010.

Siku hizi reli mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2019, itokayo Nairobi kwenda upande wa Naivasha, imeshika njia nyingine kupitia Ngong, na mji wa Kikuyu umeachwa kando.

Turudi basi kwenye swali letu. Mgeni huyu hakuja kwa ajili ya kumponya mwenyeji. Ikiwa mwenyeji alipona, alipona kwa jitihada yake mwenyewe, na kwa wema wa watu kama yule mfanyakazi wa reli, ambao vitabu vya historia havikuandika majina yao. Nawe msomaji, utakapoona njia kubwa mpya ikipasuliwa katika nchi yako, usiulize tu itafika wapi. Uliza pia inapita katika shamba la nani, na kama mwenye shamba ameulizwa.