Nguo na Mtoto, sehemu ya 4: Melimeli

Mama zangu na baba vijana, tuendelee. Juzi tulimaliza kanga. Leo ni melimeli, ile pamba nyepesi ambayo ukiinyanyua juani unaona vidole vyako upande wa pili.

Jina limetoka India, malmal, na nguo yenyewe ilikuja na majahazi ya kaskazi mpaka Pangani na Tanga, zamani sana, kabla ya reli. Wanaume waliifunga vilemba. Ukitaka isimame kavu kama karatasi, unaitia wanga na kuipiga pasi ya mkaa. Ndiyo, wanga uleule ninaowasumbua nao kliniki tukiongelea mlo!

Sasa hapa ndipo penye maneno. Karne ya 19 huku Pwani nguo ilikuwa inasema wewe ni nani. Muungwana alivaa kanzu nyeupe na kilemba. Mtumwa alipewa kipande cha merikani, pamba nzito iliyoletwa na meli za Wamarekani kutoka Salem, au kaniki, ile nyeusi ya nili. Kichwa wazi, miguu mitupu. Mwanamke mtumwa hakuwa na ruhusa ya kujifunika kama bibi yake wa nyumbani. Na Pangani, jamani, ilikuwa bandari ya watumwa, tusijifanye hatujui.

Zanzibar hali ya utumwa ilifutwa kisheria 1897, Tanganyika ikangoja mpaka 1922. Hiyo 1922 si mbali: wapo wenye bibi wa bibi aliyezaliwa kabla yake. Waliopata uhuru wakaanza kununua kanzu, kofia, kanga za doti mbili mbili. Ndiyo maana mtu wa Pwani akikopa ili apate kanzu ya arusi mimi simcheki haraka.

Siku hizi melimeli imerudi, wanaiuza mtandaoni kwa jina la maslini, ya kufungia vichanga. Kwa joto la Tanga inafaa, inanyonya jasho na kupitisha hewa. Ila ifue kwanza, maana mpya huwa na wanga wa dukani. Usibane miguu, nyonga za mtoto zinataka kukunjika na kutanuka. Na akilala usimfunike uso, hata kama ni nyepesi kiasi gani.

Ijumaa tutaongelea bafta, na kwa nini bibi anaiweka chini kabisa ya sanduku.