Njia ya Waendao kwa Miguu Katika Mji wa Curitiba

Curitiba ndio mji mkuu wa jimbo la Paraná, kusini mwa Brazil. Hesabu ya watu ya mwaka 1970 ilionyesha wakazi zaidi ya 600,000. Ile ya mwaka 2022 ilionyesha zaidi ya 1,700,000. Mji ukuao namna hiyo aghalabu hupanua barabara zake, na ili kuzipanua hubomoa majumba yake ya kale. Hata Curitiba ilielekea huko, kwa maana mpango uliotungwa na Mfaransa Alfred Agache mwaka 1943 ulitegemea barabara pana.

Mpango mpya, uliokubaliwa mwaka 1966, ulishika shauri jingine: magari mengi na majumba marefu yapelekwe kwenye barabara kuu chache zitokazo katikati ya mji, na katikati penyewe pahifadhiwe. Taasisi iitwayo IPPUC, iliyoundwa mwaka 1965, ilikabidhiwa kazi ya kuutekeleza. Mwaka 1971 Jaime Lerner, msanifu majengo aliyepata kuiongoza taasisi hiyo, akafanywa meya.

Mtaa mkubwa wa biashara, Rua XV de Novembro, ulikuwa umejaa motokaa. Lerner alipotaka kuufungia magari, wenye maduka walikataa, wakiamini kwamba mnunuzi asiyeweza kufika kwa gari hatafika kabisa. Basi kazi ilianzwa Ijumaa jioni, mwezi wa Mei 1972, mahakama zikiwa zimekwisha fungwa, ili asipatikane mtu wa kuleta amri ya kuizuia. Kwa muda wa saa 72 lami ilifukuliwa, mawe yakatandazwa, taa zikasimamishwa na maua yakapandwa. Wenye magari walipotishia kuingia kwa nguvu, waliwakuta watoto wameketi njiani wakichora picha juu ya karatasi ndefu, nao wakarudi. Haukupita muda mrefu, wenye maduka wakaona biashara imezidi, wakaomba njia hiyo irefushwe.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kwa sifa ya wepesi wake. Lakini wepesi huo ulitanguliwa na miaka kadhaa ya kupima na kupanga; siku tatu zilikuwa za kutenda tu. Tena haifai kusahau kwamba Brazil ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu mwaka 1964 hadi 1985, na mameya wa miji mikuu ya majimbo waliteuliwa, hawakuchaguliwa. Meya aliyeogopa kura asingethubutu kuwashitukiza wafanyabiashara namna hiyo. Uzuri wa matokeo haufuti swali la ridhaa. Copenhagen, iliyoifunga njia yake ya Strøget mwaka 1962, ilianza kwa majaribio, ikaithibitisha mwaka 1964; wapinzani walipewa nafasi ya kuona kabla ya jambo kukatwa.

Wala njia hiyo haikusimama peke yake. Mwaka 1974 Curitiba ilianza kuyapa mabasi njia zao wenyewe, mfano ulioigwa na miji mingi; mabasi ya mwendokasi yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2016 ni ya ukoo huo. Mtu hawezi kuambiwa aache gari lake asipopewa chombo kingine cha kumfikisha mjini. Mji utakao kuiga maua na mawe ya Curitiba, hauna budi kuyatazama kwanza mabasi yake.