Mkanda Mweusi wa Lingeka

Ndugu wanafunzi wa zamani wenzangu, nanyi wadogo zetu mliopo shuleni, nimeombwa nieleze kwa ufupi jinsi karate ilivyofika kwetu. Nimekubali, ingawa habari yenyewe ina aibu yangu ndani yake.

Karate ya Goju-ryu ilianza kufundishwa Dar es Salaam mwaka 1973 na Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi. Wanafunzi wake wakawa walimu, nao wakatoa walimu wengine. Shuleni kwetu ililetwa mwaka 1979 na mwenzetu wa kidato cha tano aliyetoka huko. Alitufundisha nyuma ya bweni, baada ya kazi za shamba. Miezi mitatu tulijifunza kusimama na kupumua tu. Kisha akatupa Gekisai, mfululizo wa mapigo na kinga uliotungwa mwaka 1940 na Chojun Miyagi, mwasisi wa Goju-ryu, kwa ajili ya vijana wa shule kama sisi. Mbele yake kulikuwa na mingine mingi, na mkanda ulibadilika rangi kadiri mtu alivyopanda daraja.

Mimi nilitazama rangi. Likizo ya Desemba nilirudi Lingeka, wakati huo mkoa wa Shinyanga. Nikaupaka mkanda wangu mweupe masizi ya chungu na tope jeusi la mbugani, nikawaambia wachunga ng'ombe wenzangu kuwa nimehitimu. Wakakusanyika. Nikamwita binamu yangu asimame, nimwonyeshe ngumi inayokomea karibu na uso. Haikukoma. Jino lake la mbele liling'oka.

Babu hakunichapa. Aliniuliza tu: "Kupiga umefundishwa. Kuuzuia mkono ni darasa la ngapi?" Sikuwa na jibu.

Miaka ya baadaye nilisoma historia ya madaraja hayo, nikaona kwamba si ya kale kama tulivyodhani. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, alitoa daraja za kwanza za dan mwaka 1883. Gichin Funakoshi aliufuata utaratibu huo katika karate mwaka 1924. Miyagi mwenyewe alifariki mwaka 1953 bila kumpa dan mwanafunzi wake hata mmoja. Wajapani wanazo hatua tatu zilizotangulia mikanda: kwanza kushika alichosema mwalimu; pili kukivunja kwa kukichunguza; tatu kuuacha mfano, kwa kuwa ustadi umekuwa wako. Hatua hizo hazifungwi kiunoni. Mimi sikuwa nimemaliza hata ya kwanza.

Mkanda mweusi wa halali niliupata mwaka 1988. Niliporudi nyumbani, binamu yangu alicheka, pengo lake wazi, akasema: "Nionyeshe tena ile ngumi." Nilikataa mara mbili. Alisimama pale pale, hakufumba macho. Safari hii ilikomea upana wa kidole kutoka mdomoni mwake.

Huo ndio mtihani ninaouhesabu. Wadogo zetu mnaoanza mazoezi, msione haya kukaa muda mrefu na mkanda mweupe. Nawatakieni bidii na subira.

Ndugu yenu wa Lingeka.