Rais Anamwogopa Nani? Kenya na Afrika Kusini

Tarehe 8 Agosti 2017 Bunge la Afrika Kusini lilijaribu kumng'oa Rais Jacob Zuma kwa kura ya siri, likashindwa: 177 walimkataa, 198 wakamwokoa. Miezi sita baadaye Zuma alijiuzulu bila wananchi kupiga kura nyingine. Kilichotokea katikati ni kwamba Desemba 2017 wajumbe wa chama tawala, ANC, wasiofika elfu tano, walimchagua Cyril Ramaphosa kukiongoza chama. Rais Thabo Mbeki alitolewa kwa mlango huohuo wa chama mwaka 2008.

Mjadala wa nchi hizi mbili huanzia penye tofauti iliyo wazi: Wakenya humchagua rais wenyewe, Waafrika Kusini huchaguliwa rais wao na Bunge la Taifa. Swali zito kwangu ni jingine. Akishaapishwa, rais anamwogopa nani?

Nchini Kenya, rais hakiogopi chama, maana chama ni chake. NARC mwaka 2002, PNU 2007, Jubilee, kisha UDA 2022: karibu kila uchaguzi huja na jahazi jipya, na nahodha ndiye aliyeliunda. Kifungu cha 145 cha Katiba ya 2010 kinaruhusu rais aondolewe kwa theluthi mbili ya Bunge la Taifa na theluthi mbili ya Seneti, lakini aliyekwisha kuondolewa kwa njia hiyo ni naibu tu, Rigathi Gachagua, Oktoba 2024.

Hapa pana kinaya. Mbunge wa Afrika Kusini huletwa na orodha ya chama, na akipoteza uanachama amepoteza kiti. Mbunge wa jimbo nchini Kenya ana wapiga kura wake. Ndiye ungemtarajia awe na ubavu. Kumbe uhuru wake dhidi ya chama humwacha peke yake mbele ya Ikulu, na anayesimama peke yake hununulika kwa bei nafuu.

Miungano nayo hufuata mkondo huo. Mwaka 2024 ANC ilipata viti 159 kati ya 400, ikalazimika kupatana na chama cha DA na vyama vingine kabla Ramaphosa hajachaguliwa tena. Nchini Kenya rais huapa kwanza, mapatano na wapinzani huja baadaye, tena nje ya Bunge: handisheki ya Rais Kenyatta na mpinzani wake Odinga Machi 2018, kisha vigogo wa ODM, chama cha Odinga, kuteuliwa mawaziri Julai 2024.

Sidai kwamba wajumbe elfu tano wa ANC ni umma. Lakini tazama kodi. Aprili 2025 serikali ya Afrika Kusini iliufuta mpango wa kupandisha kodi ya ongezeko la thamani baada ya DA, mshirika ndani ya serikali hiyohiyo, kuukataa na kwenda mahakamani. Nairobi, tarehe 25 Juni 2024, wabunge waliupitisha Mswada wa Fedha. Ulikataliwa na Rais Ruto kesho yake, baada ya vijana kuvamia Bunge na baadhi yao kupigwa risasi wakafa.