Kiazi Kitamu Gerezani

Leo tumkumbuke Jacob DeShazer wa Oregon, Marekani. Alifuga bata mzinga wa kuuza, akapata hasara, akajiunga na jeshi mwaka 1940. Tarehe 18 Aprili 1942 ndege yao iliangusha mabomu juu ya mji wa Nagoya, Japani. Alikamatwa huko China, akafungwa miezi 40, na 34 kati ya hiyo alikuwa chumbani peke yake. Wenzake watatu walipigwa risasi, wa nne akafa kwa maradhi na njaa.

Mwaka 1944 aliazimwa Biblia kwa majuma matatu tu. Akaokoka. Sisi wahubiri hupenda kuishia hapo! Lakini kulikuwa na askari wa gereza aliyembana mguu kwa mlango, akaupiga mateke. Kesho yake DeShazer akamwamkia kwa Kijapani. Akaendelea kumwamkia kila asubuhi, hata siku moja askari yule akamletea kiazi kitamu.

Mwaka 1948 alirudi Japani na mkewe Florence, sasa akiwa mmisionari. Mwaka 1959 wakahamia Nagoya, wakaanzisha kanisa katika mji ule ule.